Friza imeungua, kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Tunaposema "hiki kimesababisha kile" tunasema nini?

Fundi Baridi

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni fundi friji na viyoyozi, kijiwe changu kipo Tandika. Sijaja kuuliza jinsi ya kubadili kompresa, hiyo kazi naijua. Nina swali la namna nyingine na mjumbe wetu analisubiri kwa maandishi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mama mmoja anauza vibua na barafu, friza yake ipo koridoni kwenye nyumba ya kupanga. Juzi karudi kutoka Feri na ndoo mbili, kajaza friza, kaingia ndani kujinyoosha. Alasiri anatoka anakuta friza kimya, ubavuni ya moto, koridoni kunanuka plastiki.

Nikaitwa. Nimepima pini tatu za kompresa: koili ya kuanzia haisomi kabisa, na nikigusisha pini na bodi ya kompresa mita inalia. Nilipokata bomba, oili ikatoka nyeusi, na ile harufu kali ambayo ukiivuta jioni unaamka nayo asubuhi. Kompresa imekufa, hapo hakuna ubishi. Ubishi ni nani kaiua.

Mnamo saa nane mchana umeme ulikatika, ukarudi kabla watu hawajamaliza kuguna. Kwa asiyejua: friza ikizimika ghafla na kuwaka papo hapo, presha ya gesi upande mmoja bado ipo juu. Kompresa inajaribu kuzunguka inashindwa, inabaki inanguruma pale pale huku inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Inatakiwa ipumzike kama dakika 3 hadi 5 presha zilingane. Kazi hiyo ndiyo ya gadi, inauchelewesha umeme. Sasa gadi ya mama haikuwepo. Kijana wa mwenye nyumba aliichomoa asubuhi akaipeleka kwenye TV yake, kulikuwa na mechi ya watani na hakutaka TV imfie katikati.

Hata bila gadi, kompresa ina mlinzi wake wa ndani, ile ovalodi, kidude cha ukubwa wa kizibo cha soda. Ikipata moto inakata, ikipoa inarudisha. Nikafungua kifuniko cha pembeni: ovalodi imejampwa kwa kipande cha waya mwekundu. Kuna fundi alipita kabla yangu, bila shaka ilikuwa inakata kila mara, akaona tiba ni kuiruka.

Halafu yupo jirani mchomelea mageti, wapo laini moja. Akigusisha tu fimbo kwenye chuma, taa za nyumba nzima zinafifia. Nimepima mwenyewe, volti zinatoka 225 zinashuka mpaka 170.

Mama anasema ni kijana. Kijana anasema ni umeme. Mchomeleaji anaapa saa nane hakuwa na kazi, alianza saa kumi kama kawaida yake. Fundi wa waya mwekundu simu yake haipatikani. Na mama mkwe wa mama ana lake: kwa nini iungue siku ndoo mbili zimejaa, na si wiki iliyopita ilipokuwa na barafu tu? Hapo kuna mkono wa mtu.

Mjumbe kanipa karatasi. "Fundi, wewe ndiye mtaalamu. Andika chanzo, mstari mmoja, tumalize."

Nimekaa na karatasi hiyo. Je, ndani ya friza kuna kitu kinachoitwa kusababisha ambacho mimi fundi natakiwa nikione, au ni sisi tunachagua mmoja wa kumbebesha? Nawasilisha.

Mwana wa Tandika

Mkuu andika "umeme" ukalale. Umeme hauna wa kumdai.

Wakili Msomi

Fundi, heshima kwako, swali lako ndilo linalolisha ofisi zetu.

Sheria inaanza na kipimo chepesi: kiondoe kitu hicho kichwani, halafu jiulize kama hasara ingetokea vile vile. Kama ingetokea, hicho siyo sababu. Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na kesi ya walinzi watatu wa usiku. Walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakaenda hospitali. Daktari hakuja kuwaona, akasema kwa simu waende nyumbani wakatafute madaktari wao. Mmoja akafa, ikagundulika chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mahakama ikasema daktari alizembea kweli, lakini hata angemlaza yule mlinzi, dawa isingemuwahi, angekufa tu. Kwa hiyo uzembe upo, ila haukumuua. Watu wengi wakisikia hukumu hii wanakasirika. Mimi naona ilikuwa sawa.

Shida ya kipimo hiki ni kwamba kinazoa watu. Mvuvi asingevua vibua, mama asingepata hasara ya vibua. Aliyejenga nyumba naye yumo. Hapo wanasaidia Hart na Honoré, ambao waliandika kitabu kizima juu ya sababu katika sheria mwaka 1959. Hoja yao ni kwamba hakimu, kama mtu yeyote wa mtaani, anatenga sababu na mazingira. Nyumba ikiungua hatusemi imeunguzwa na hewa ya oksijeni, ingawa bila hewa hakuna moto. Tunakamata kile kilichotoka nje ya kawaida, au kitendo ambacho mtu mwenye akili timamu alikifanya kwa hiari yake.

Kwa hiyo andika fundi wa waya mwekundu. Umeme kukatika ni mazingira.

Fundi Baridi

Wakili ahsante sana, ila nina pingamizi mbili.

Ya kwanza ni hicho kipimo cha kuondoa. Nikiondoa umeme kukatika saa nane, friza inafika saa kumi salama. Saa kumi mchomeleaji anawasha. Kwa volti 170 nguvu ya kompresa ya kuanza inashuka karibu nusu, maana nguvu hiyo inafuata volti mara volti. Friza imejaa samaki wa joto, muda wowote kompresa inazima na kuwaka. Ikijaribu kuanza wakati jamaa yupo katikati ya geti, inakwama, na ovalodi haipo. Inaungua saa kumi badala ya saa nane. Basi kwa kipimo chako kule kukatika siyo sababu, kwa kuwa ingeungua tu. Lakini mimi nimeinusa ile oili! Ilishaungua kabla mchomeleaji hajavaa miwani. Kilichoiunguza ni kile cha saa nane, siyo cha saa kumi ambacho hakikutokea.

Ya pili ni "kawaida". Kawaida ya nani? Friji za mtumba zinazopita mikononi mwangu, kukuta ovalodi imejampwa wala hainishtui tena. Kwa mtaa wetu hiyo ndiyo kawaida. Na umeme kukatika umeuita mazingira kwa sababu unaishi Dar kama mimi. Tumeuzoea mpaka tumeufanya kama oksijeni yako. Mlete mtu kutoka mji ambao taa hazizimiki mwaka mzima, mwonyeshe friza hii, uone ataandika nini kwenye karatasi. Friza ni hiyo hiyo, oili ni hiyo hiyo nyeusi, ila chanzo kimehama kwa kubadilisha tu anayeangalia.

Hilo ndilo linanitesa. Kama chanzo kinahama na macho ya mtu, mimi napima nini na mita yangu?

Ustadh wa Magomeni

Assalaam alaykum jamvini.

Fundi, umeuliza swali la wanazuoni wakubwa. Imam Ghazali aliliandika karibu mwaka 1095, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa. Alitoa mfano wa pamba na moto. Unaona moto unagusa pamba, unaona pamba inaungua. Je, umeona nini zaidi? Umeona hiki pamoja na kile, basi. Hujaona kamba inayovifunga. Kwake yeye anayeunguza ni Mwenyezi Mungu, na sisi tumezoea tu kuona viwili hivyo vikifuatana kwa sababu Yeye kavipanga hivyo.

Zaidi ya miaka 600 baadaye Mskoti, David Hume, akafika karibu na hapo akitokea njia nyingine kabisa, bila Mungu ndani yake. Yeye alitumia mipira ya biliadi. Mmoja unagonga, wa pili unakwenda, na ukitafuta ile nguvu ya lazima katikati yao huioni. Akasema ni mazoea ya akili zetu.

Kwa hiyo umeona waya mwekundu, umeona oili nyeusi. Kusababisha kwenyewe hujakuona, na mita haikupi.

Ila mazoea peke yake hayatoshi, na hili nawaambia hata wanafunzi wangu. Kila siku muadhini anaadhini, kisha jua linachomoza. Hajakosa hata siku moja. Hakuna mtoto wa madrasa anayedhani muadhini ndiye anayelitoa jua.

Fundi Baridi

Waalaykum salaam ustadh. Nimekuelewa, na sibishani na imam. Ila kazini siwezi kuishi na hilo. Ningekuwa sioni kitu zaidi ya hiki kufuata kile, ningebadilisha kompresa na kumwambia mama asubiri bahati. Mimi naondoa waya mwekundu naweka ovalodi nyingine, najua nimezuia kitu.

Ustadh wa Magomeni

Hapo umesimama na Ibn Rushd wa Andalusia. Alimjibu Ghazali kwa kitabu, akasema anayekana sababu amekana akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu zake. Uko na kundi zuri, usijali.

Mtoto wa Mlimani

Nipite kidogo, nilisoma falsafa na bado nalipa mkopo wake.

Fundi, hiyo pingamizi yako ya saa kumi ni mwiba maarufu sana. Kile kipimo cha wakili, "kisingekuwepo hiki kisingetokea kile", Hume alikigusa kwa sentensi moja mwaka 1748 akakiacha. Mmarekani David Lewis ndiye aliyekijenga kuwa nadharia kamili mwaka 1973. Na wenzake wakamletea hasa mambo kama ya mchomeleaji wako: sababu ya akiba, iliyo tayari mlangoni ikisubiri, ikakuta kazi imeshafanywa.

Njia ya mkato ni kusema kuungua saa nane na kuungua saa kumi ni matukio mawili tofauti. Lile la saa nane lisingekuwepo bila umeme kukatika, tumemaliza. Ila ukishika njia hiyo, chochote kinachosogeza tukio hata dakika moja kinageuka sababu yake. Mama angejaza ndoo moja badala ya mbili, huenda ingechelewa kidogo kuungua, basi ndoo ya pili nayo imeua kompresa. Mwaka 2000 Lewis alirudi na jibu lingine: angalia ni kipi ukikitikisa kidogo, kwa wakati wake au namna yake, matokeo nayo yanatikisika. Umeme ungekatika saa saba, ingeungua saa saba. Ungekaa dakika kumi kabla ya kurudi, isingeungua mchana ule. Sasa mtikise mchomeleaji, mwanzishe saa kumi na moja badala ya saa kumi. Friza ya saa nane haina habari naye.

Kuhusu mstari mmoja wa mjumbe, kuna Mwaustralia, J. L. Mackie, aliandika mwaka 1965 na mfano wake ulikuwa nyumba kuungua kwa shoti ya umeme, yaani kama aliiona friza yako. Anasema shoti peke yake haiunguzi nyumba, lazima pawepo kitu cha kushika moto na pasiwepo kizimamoto. Na nyumba ingeweza kuungua kwa njia nyingine kabisa, kibatari kwa mfano. Kwa hiyo tunachokiita sababu ni kipande cha furushi. Furushi zima linatosha kuleta matokeo, kipande kile ndani ya furushi hakiachiki, na bado furushi hilo siyo la pekee duniani. Waya mwekundu, gadi kutokuwepo, umeme kwenda na kurudi: hilo ndilo furushi lako la saa nane. Mchomeleaji ana furushi lake la saa kumi, halikufunguliwa.

Kwa hiyo chanzo hakihami. Furushi ni lile lile kwa mtu wa Tandika na kwa mgeni wako. Kinachohama ni kipande ambacho mtu anakitoa na kukishika mkononi.

Bi Keko

Nyote mmempita mama mkwe kama hayupo. Ngoja nimtetee.

Nilisoma sosholojia zamani, na kuna kitabu cha Evans-Pritchard cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, huko ambako leo ni Sudan Kusini. Watu wanakaa chini ya ghala la nafaka kukimbia jua la mchana. Ghala linaanguka, linawaumiza. Wazande wanajua vizuri kabisa kwamba nguzo zililiwa na mchwa, usiwafundishe hilo. Wanajua pia watu walikaa pale kwa sababu ya kivuli. Wanachouliza ni kwa nini mchwa wamalize nguzo dakika ile ile ambayo watu wale wapo chini. Hapo ndipo wanapoleta uchawi.

Mama mkwe anauliza hicho hicho. Hajakataa waya mwekundu. Anauliza kwa nini siku ya ndoo mbili. Na fundi na furushi lenu hamna jibu zaidi ya "imetokea tu". Mimi mwenyewe naamini imetokea tu, mambo mawili yana njia zake na siku moja yanakutana koridoni. Lakini msijifanye mmemjibu. Mmekataa tu swali lake, na mtu akikataliwa swali anakwenda kuulizia kwingine, na huko atalipishwa.

Mwana wa Tandika

Bi Keko apewe kiti mbele 😂

Bwana Afya

Wanangu, mimi nimestaafu idara ya afya, nimekula chumvi nyingi kwenye mitaro ya jiji hili. Nichangie la kipindupindu.

Mwaka 1854 London kulikuwa na mlipuko eneo la Soho. Daktari John Snow akazunguka nyumba kwa nyumba, akaona wengi waliokufa walikuwa wanachota maji kwenye pampu moja ya mtaa wa Broad. Wakati ule wakubwa wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu, na kimelea chenyewe Snow hakukijua. Lakini alijua cha kushika: tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Ninachompendea zaidi ni kwamba yeye mwenyewe aliandika kuwa wagonjwa walikuwa wameshaanza kupungua kabla ya mpini kutolewa, hivyo haiwezekani kusema kwa uhakika kama mpini ndio uliozima mlipuko. Watu siku hizi wanasimulia hadithi bila kipande hicho.

Kazini nilijifunza kuuliza sababu kwa namna hiyo: nikishika hapa nikageuza, kule kutabadilika? Masika ikija Dar mvua inanyesha, Msimbazi unajaa, watu wanatapisha vyoo kwenye maji ya mvua, visima vifupi vinaingiwa. Mvua ni sehemu ya furushi, namuunga mkono huyo kijana wa Mlimani. Lakini mvua siwezi kuigeuza. Choo naweza, kisima naweza kukitia dawa. Ukienda kwenye kikao ukasema sababu ni mvua, kikao kinafungwa na chai inaletwa.

Fundi, mjumbe hajakuuliza falsafa wala hukumu. Kwenye friza ile ulishika wapi?

Wakili Msomi

Mzee shikamoo. Nakubali, ila mpini wa kugeuza siyo mtu wa kulipa. Njia rahisi ya kuzuia isiungue tena ni mama kufunga gadi yake kwa kufuli. Hiyo haina maana mama ndiye mkosaji.

Bwana Afya

Marahaba. Hilo kweli. Kulipa ni kikao kingine.

Fundi Baridi

Wakuu nimerudi kutoka kwa mjumbe. Nilichoandika, kama kilivyo:

"Kompresa imeungua mnamo saa nane mchana. Umeme ulikatika na kurudi bila kupita dakika 3, gadi ikiwa haipo kwenye friza, na ovalodi ikiwa imeunganishwa moja kwa moja kwa waya. Kingekosekana kimojawapo kati ya hivi vitatu, isingeungua saa hiyo. Mashine ya kuchomelea haikuhusika saa hiyo, lakini kwa hali ya laini ilivyo ingeweza kuiunguza muda mwingine wowote. Nimeondoa waya, nimeweka ovalodi nyingine. Gadi irudishwe. Mashine itafutiwe laini yake."

Mjumbe kasoma mara mbili. "Fundi, nilikuambia mstari mmoja." Nikamwambia mzee, friza haikuungua kwa mstari mmoja. Akanikazia macho, kisha akamwita kijana na mama wa vibua. Walichokubaliana hakikutoka kwenye karatasi yangu: kijana anachangia nusu ya kompresa ya mtumba, mama anamalizia, kwa sababu kijana yupo na anajulikana, na fundi wa waya mwekundu kahama. Mimi kwenye hilo nilinyamaza, mita haipimi nani alipe.

Bi Keko, mama mkwe nilimjibu kama ulivyosema, kwamba kwa nini siku ile sina jibu na sidhani lipo. Alisema "basi sawa, mwanangu", ila sura yake ilionyesha bado.

Mwana wa Tandika

Na vibua je?

Fundi Baridi

Havikuwahi hata kuganda. Mama aliwasha jiko jioni ile ile, akavikaanga vyote na kuviuza barazani. Mchomeleaji kala vinne, kwa mkopo.